Kazi Tatu, Jua Moja

Ipo siku moja ya mvua, mwanangu Zuhura, ambayo mpaka leo nikiikumbuka hutazama juu kwanza ndipo nitoe nguo nje. Utacheka, najua. Umekulia humu ndani ukiniona naanua kanga kwa kiwingu kidogo tu, nanyi watoto mkinifuata nyuma mkinigeza, "Mama kaona wingu! Mama kaona wingu!" Haya, leo nitakwambia wingu lenyewe lilikuwa lipi.

Ondoka kwenye hiyo mbuzi ya nazi, kalia mkeka. Tumbo hilo halitaki kukunjwa. Nami niegemee, mgongo huu siku hizi una mambo yake.

Ijumaa mlipokuja, wewe na mumeo Makame, mlikuwa na furaha mpaka chai ikapoa vikombeni. Mkaniambia mna kazi tatu. Mayai mnapeleka kwenye hoteli ya wageni kule ufukweni. Mboga mnapeleka hoteli ile ile. Na pikipiki ya Makame inawachukua wageni wa hoteli ile ile, kuwaleta na kuwarejesha uwanja wa ndege. Mkasema mnataka kuongeza kuku, na ili muongeze kuku utauza cherehani yako, na sehemu yetu ya bonde la mpunga umwachie binamu yako, kwa kuwa huna tena wakati wa kukanyaga matope. Kisha Makame akamalizia, kwa sauti ya mtu anayesema jambo dogo, kwamba mambo yasipokaa vizuri atakwenda Maskati kwa mjomba wake, mwaka mmoja miwili, halafu atarudi. Mie nikasema mashallah, nikawamiminia chai nyingine. Makame alidhani nimeridhika. Wewe ulijua sijaridhika, ndiyo maana leo umekuja peke yako.

Basi nisikilize, na usinikatize mpaka nimalize.

Wakati huo nilikuwa sijakaa sana hapa Mgogoni. Babaako, Hamadi, alinioa nikaja nikakaa nyumba moja na mavyaa wangu, bibi yako Bi Mize, Mungu amrehemu. Wewe hukumdiriki. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'ara, maneno yake machache, na akicheka hucheka na mabega tu, sauti haitoki. Nyumba ilikuwa ya makuti, na kila masika tulikuwa tukisogeza kitanda huku na huku kutafuta pasipovuja.

Babaako alikuwa na mikarafuu aliyoachiwa na babaake, wala si mingi. Wenziwe walikuwa wakivuka kwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, na kila aliyerudi alirudi na redio na shati jipya. Nikaona na yeye macho yake yanaelekea huko. Mie nilikuwa na mimba ya dadaako Salma, miezi imekwenda, nikamwambia wazi, "Hamadi, mie sitaki redio. Nakutaka wewe uwepo mtoto akizaliwa." Akaniambia, "Karafuu mwaka huu zimebeba. Msimu ukitunyookea tutaezeka bati, na mie siendi popote. Usiponyooka, mke wangu, nitakwenda. Siwezi kulea mwana chini ya makuti haya." Tukaahidiana hivyo. Nami nikaazimia moyoni kwamba msimu ule utanyooka, utake usitake.

Unanijua nikiazimia jambo. Nilikuwa hivi hivi tangu usichana.

Mwani ndiyo kwanza ulikuwa umeingia kwetu. Wanawake tukifunga kamba kwenye vigingi, maji yakitoka tunashuka, tunavuna, tunaanika. Nikaingia kwenye mwani. Ikawa haitoshi, nikaingia kwenye dagaa, nanunua wabichi pwani, nachemsha, naanika. Na nyumbani kuna karafuu za babaako, yeye akichuma, mie nachambua, natoa makonyo, vile vijiti vyake, naanika juani juu ya majamvi. Kazi tatu! Wanawake wenzangu wakipita wakisema, "Mke wa Hamadi ana mikono sita." Na mie, nisikufiche, nilikuwa nikipunguza mwendo ili niwasikie vizuri.

Bi Mize yeye alikuwa na mambo yake madogo madogo, ndivyo nilivyoyaona. Ana kijisehemu cha mpunga bondeni, ana majimbi kando ya mfereji, ana kuku wake wanaojizungukia, na jioni akikaa ukumbini anashona kofia za viua, tundu moja moja, mpaka unashikwa na usingizi kwa kumtazama. Siku moja akaniambia, "Twende bondeni ukanisaidie kupandikiza majimbi." Nikamwambia, "Mama, nasikia kule kuna ruba." Akanitazama. Nikaona bora niongeze sababu, nikasema, "Na mie tayari nina kazi tatu, mama." Akatikisa mabega, akaenda zake peke yake na jembe.

Sasa hiyo siku. Asubuhi jua lilitoka kali kuliko siku zote, nikafurahi. Babaako alikwenda mbali kuchuma. Nyumbani nikatandaza majamvi yote tuliyokuwa nayo na mengine ya kuazima, karafuu zikajaa ua mzima mpaka huna pa kukanyaga. Bi Mize alikuwa bondeni. Nikashuka pwani, nikatandaza mwani nilioutoa kwenye kamba, nao ulikuwa mwingi, maana nilikuwa nimeusubiri kwa muda. Halafu nikachemsha dagaa, nikawatandaza kwenye chanja. Nikasimama nikautazama ufukwe wote ule, nikajiona tajiri. Wallahi nilishaliona bati juu ya nyumba, nikawa nafikiria tu mlango tuupake rangi gani.

Wingu likatokea nyuma ya mikoko, dogo tu. Nikaliona, nikasema litapita. Nilipoinua kichwa mara ya pili halikuwa dogo tena.

Mwanangu, sijui kama umewahi kutaka kuwa mahala patatu kwa wakati mmoja. Nikaanza kukusanya mwani. Mkono uko kwenye mwani, jicho liko kwenye dagaa. Nikaacha mwani nikakimbilia dagaa. Nikiwa nawakung'uta dagaa kwenye kikapu nikakumbuka karafuu, na nyumbani hamna mtu. Roho ikaniruka. Nikaacha yote nikapanda njia ya nyumbani mbio, na tumbo lile, na mvua ikanikuta katikati ya njia. Ilikuwa mvua ya vuli iliyokuja kwa hasira. Njia ikawa utelezi, nikaanguka kifudifudi, nikainuka, nikaanguka tena. Hapo ndipo Bi Mize aliponikuta, naye anatoka bondeni, jembe begani. Nikawa napiga kelele, "Karafuu, mama! Karafuu!" Nataka kukimbia, kanishika mkono, haniachii. Akaniambia, "Ziache! Mzigo wangu mie umo tumboni mwako, haumo kwenye jamvi." Sijapata kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo wala baada yake. Akanitembeza polepole mpaka nyumbani, mvua inatupiga, na tulipofika uani karafuu zilikuwa zinaelea.

Ingekuwa mvua ya siku moja tungesema ni ajali. Lakini iliendelea siku kadhaa, haina aibu, inakatika kidogo tu ili tupate matumaini kisha inarudi. Karafuu tulizozikusanya tukazirundika ndani, zikapata joto, zikavunda, zikapauka. Mwani uliolowa maji ya mvua ukawa mweupe, laini, haufai kitu. Dagaa sikwambii. Babaako aliwafukia mwenyewe, kajifunga shuka puani, asitake nione.

Mimi nilikaa ukumbini nikalia. Bi Mize alikuwa pale pembeni na kofia yake mkononi, anashona. Jikoni kulikuwa na majimbi yanachemka kwa nazi, na harufu yake ilinitia hasira, maana nilikuwa na njaa na sikutaka kuwa na njaa. Nikamwambia, "Mama, kazi tatu! Nimefanya kazi tatu, zote tatu zimekufa. Mungu ananitaka nini mie?"

Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Usimsingizie Mungu. Kazi tatu ziko wapi? Mie nimekuona na kazi moja tu."

"Moja vipi, mama?"

"Kuanika. Asubuhi unaanika, mchana unaanika, jioni unaanua. Hicho unachoanika kimebadilika jina tu."

Lo! Nilimkasirikia, mwanangu, nilimkasirikia vibaya. Nikamwona mzee asiye na huruma, mtu nimeunguliwa na yeye ananihesabia makosa. Nikaingia chumbani nikajilaza nikautazama ukuta. Lakini neno lile likakaa na mie kule chumbani, halitaki kutoka. Nikaanza kujibishana nalo. Karafuu zinataka jua. Mwani unataka jua. Dagaa wanataka jua. Na likipotea jua wiki moja tu, vyangu vyote vinakufa pamoja. Nikatoka. Nilimkuta amenipakulia majimbi, ameyafunika na kawa yasipoe. Nikala, machozi yanaingia kwenye sahani, na yeye anashona tu. Aliponiona nimemaliza akasema, "Mvua hii hii uliyoilaani ndiyo inayonywesha mpunga wangu. Na kofia hii haijui kama nje kunanyesha." Akanipa sindano.

Ningependa kukwambia kwamba mambo ya Bi Mize yaliuokoa msimu ule. Hayakuuokoa. Yalitulisha, tukala tukashiba, hatukumgongea mtu mlango. Lakini hayakuwa ya kuezeka nyumba, na ahadi ni ahadi. Babaako alikwenda Wete akapanda boti ya Tanga. Asubuhi hiyo alinishika tumbo kwa viganja vyote viwili, halafu akachukua mfuko wake. Wewe umemjua babaako mtu wa nyumbani, mtu wa baraza na watoto begani. Hukuwahi kusikia kwamba aliwahi kutuacha, kwa kuwa hakutaka lisemwe mbele yake. Mie nasema leo kwa kuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na kwa kuwa naona linataka kurudi kwenye nyumba hii kupitia mlango wako.

Dadaako Salma akazaliwa, adhana akasomewa sikioni na jirani.

Muda ule babaako hayupo, Bi Mize ndiye aliyenilea. Kwanza alinitoa kwenye dagaa. Nikabisha, nikasema si unataka niwe na kazi mbalimbali? Akasema, "Nataka uwe na chache unazozimudu na mtoto mgongoni, na zisiwe ndugu." Kisha akanifundisha jambo ambalo ndilo hasa ninalotaka uondoke nalo. Alisema kabla hujaitia kazi mkononi, iulize inaogopa nini. Mwani unaogopa mvua wakati wa kuanika, na siku hizi unaogopa na maji yakipata joto. Mpunga unaogopa ukame. Kuku wanaogopa maradhi. Kofia inaogopa macho kuchoka, na inaogopa Idi ikipita hujamaliza. Ukiona kazi mbili zinaogopa kitu kimoja, zihesabu moja, hata kama zina majina mawili. Na hata kofia zenyewe hakuzipeleka kwa mtu mmoja. Nyingine zilikwenda duka la Chake, nyingine kwa mfanyabiashara wa Wete, na nyingine akimshonea mtu hapa hapa kijijini anayeoa. Nikamwuliza kwa nini anajitesa na safari zote hizo. Akasema, "Huyu wa Chake akiamka na uso wa kununa, mie nina pa kwenda."

Na bondeni nilikwenda, naam. Ruba walikuwepo. Waliniganda miguuni nikapiga mayowe, na Bi Mize akacheka mabega yake mpaka akakaa chini kwenye matope. Uliniona na umri huu wangu nikiwakwangua kwa chumvi kama sina habari nao, ukadhani nilizaliwa hivi.

Basi mwaka ukapita, na wa pili ukaingia. Kuna msimu mwani ulikataa, mpunga ukakubali. Kuna miezi kuku walikwisha wote, na mwezi huo huo kofia zikatakwa kwa ajili ya Idi. Sikupata tena kulala nimeshiba leo na kesho sina hata moja. Kidogo kidogo nikanunua bati, nyingine leo, nyingine baada ya mavuno. Nilipoezeka upande mmoja wa nyumba nikampelekea babaako salamu kwa mtu anayevuka. Nilimwambia neno moja tu, aje.

Akaja. Kwa furaha nilikuwa nimemvisha Salma gauni jipya, nimempaka wanja, nimemfundisha kusema "baba" mpaka amechoka. Babaako akasimama mlangoni, amekonda, mikono imekwanguliwa na mkonge, anacheka na machozi yanamtoka. Akachuchumaa akafungua mikono. Mtoto alipomwona, Zuhura, alipiga ukelele, akakimbia akajificha nyuma ya kanga yangu, ananing'ang'ania miguu. Alikuwa hamjui. Babaako akabaki amechuchumaa vile vile, mikono wazi, hajui aingie ndani ya nyumba yake au asubiri aruhusiwe. Mie sina neno la kukwambia jinsi nilivyomwonea huruma. Nikimtazama sasa hivi moyoni bado yuko pale mlangoni.

Zilipita siku nyingi ndipo mtoto akakubali kushikwa naye. Hata baadaye, Salma amekwishaolewa, ana watoto wake, babaako akimwona anakuja alikuwa akimwuliza kwa utani, "Leo wanijua?" Na Salma akicheka, "Nakujua, baba." Nyote mlidhani ni mchezo wao wawili. Mie nilikuwa namwona akigeuza uso pembeni kila baada ya kujibiwa. Hata maradhi yalipomlaza, Salma alipoingia chumbani, babaako, sauti haimtoki vizuri, alimwuliza hivyo hivyo. Na akajibiwa hivyo hivyo. Akatulia.

Sasa mwanangu, nikujibu la Ijumaa. Una mayai, una mboga, mumeo ana pikipiki. Iulize kila moja inaogopa nini, uone kama jibu si moja. Masika ile hoteli hufunga milango, wageni hawaji. Siku hiyo mayai yako yataliwa na nani? Mboga zitaoza, pikipiki itasimama chini ya mti, na zote tatu ni siku moja. Umefanya nilivyofanya mie, tena wewe umesoma, na mie sikulaumu hata kidogo, maana kwa macho zinaonekana tatu. Kuku wafugeni. Lakini mayai mengine yapeleke sokoni Chake, mengine muuzie mama wa maandazi na watu wa mtaani, hata kama bei ni ndogo na maneno ni mengi. Mboga vivyo hivyo. Makame abebe na wanafunzi, abebe na wagonjwa wanaokwenda hospitali, si wageni peke yao. Cherehani usiuze. Watu wataoa na wataolewa, watoto watavishwa Idi, hoteli iwe wazi au imefungwa. Na bonde letu usimpe mtu. Ukiwa mzito sasa, nitalisimamia mie na vijana wa kulipwa kwa mpunga, ukishajifungua utarudi. Usirundike kazi mpaka usione hata moja inavyokwenda. Tatu nne zinakutosha, mradi kila moja iwe na adui wake.

Wala si kwa ajili ya utajiri. Bi Mize hakufa tajiri, na mie unaniona. Ni kwa ajili hii: siku kitu kimoja kitakapoanguka, na kitaanguka, kusiwe na mtu wa nyumba yako anayelazimika kufunga mfuko wake. Makame ni kijana mzuri, nampenda. Mwambie mkwewe amesema Maskati ipo tu, haihami, wala hakuna anayemfukuza huko. Lakini huyo aliyemo tumboni hatangoja kukua. Namtaka azaliwe asikie adhana kwa sauti ya babaake mwenyewe, aizoee harufu yake, akianza kutambaa amtambalie yeye.

Nipe mkono wako. Mungu akufungulie riziki kwa njia nyingi, ikizibika moja usikie habari tu. Akujaalie ujifungue salama, akuhifadhie mumeo karibu, na mtoto wako asiwe hata siku moja na haja ya kuulizwa kama anamjua babaake. Amin, mwanangu. Amin.